Msimu wa 1945–46 wa Kombe la FA usisimuliwe bila Burnden Park

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika kurasa za michezo za gazeti lako makala kuhusu fainali za kukumbukwa za Kombe la FA la England, na nimefurahi kuona msimu wa 1945–46, ambao wengi huupita haraka, umepewa nafasi yake. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi Bert Turner wa Charlton Athletic alivyojifunga dakika za mwisho kisha akasawazisha kabla dakika nyingine haijakwisha, na jinsi mpira wenyewe ulivyopasuka ukiwa hewani kuelekea golini. Kuhusu Burnden Park, hata hivyo, uwanja ambako watazamaji walikufa kwa kubanwa katika umati msimu huohuo, makala nzima ina sentensi moja, tena mwishoni, isemayo kuwa msimu huo uligubikwa pia na maafa katika mji wa Bolton. Naomba unipe nafasi nieleze kwa nini naamini mpangilio huo hauutendei haki msimu ule, wala watu 33 waliotoka majumbani mwao kwenda kutazama mpira wa Kombe na wasirudi.

Nianze na mashindano yenyewe, kwa sababu maafa yale hayaeleweki bila kujua ni msimu wa namna gani. Kombe la FA lilisimamishwa vita vilipoanza mwaka 1939, na Portsmouth, walioifunga Wolverhampton Wanderers mabao 4–1 katika fainali ya mwisho kabla ya vita, walikaa na kombe hilo kwa miaka saba bila mtu wa kuligombea. Vita vilipokwisha mwaka 1945, ligi kuu ya taifa ilikuwa bado haijarudi. Vilabu viliendelea kucheza ligi za kanda ya kaskazini na ya kusini hadi msimu uliofuata, na mapato yao yalikuwa madogo. Chama cha Soka cha England kikaamua jambo ambalo hakijawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo: kuanzia raundi ya kwanza hadi robo fainali, kila jozi ya timu ingecheza mechi mbili, nyumbani na ugenini, na mshindi apatikane kwa jumla ya mabao. Nusu fainali na fainali tu ndizo zilizobaki mchezo mmoja kwenye uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili.

Sisi tuliozoea michuano ya klabu bingwa Afrika tunaona utaratibu wa mkondo wa kwanza na marudiano kuwa kitu cha kawaida kabisa. Kwa Waingereza wa mwaka 1946 ulikuwa mgeni, na ulizaa matokeo ambayo mashindano ya mtoano hayakuwahi kuyaona. Bradford Park Avenue walifungwa nyumbani kwao mabao 3–1 na Manchester City, na katika mwaka mwingine wowote safari yao ingeishia hapo; badala yake wakaenda Maine Road, uwanja wa wapinzani wao, kwa marudiano wakaifunga Manchester City mabao 8–2 mbele ya watu wao. Charlton nao waliishinda Fulham 3–1, wakapoteza marudiano 2–1, wakasonga mbele kwa jumla ya mabao 4–3, na hatimaye wakawa timu ya kwanza katika historia ya kombe hilo kufika fainali baada ya kupoteza mchezo. Derby County, ambao ndio waliokuja kulibeba kombe, waliwasajili Raich Carter na Peter Doherty msimu ukiwa umeshaanza, wakapata safu ya ushambuliaji ambayo wazee wa Derby waliisimulia kwa miaka mingi.

Utaratibu huo ulikuwa na upande wa pili. Mechi zilikuwa nyingi maradufu, na taa za kuchezea usiku hazikuwapo, hivyo marudiano mengi yalichezwa katikati ya wiki mchana. Viwanja vilifurika. Watu walikuwa wamekaa miaka sita katika giza la vita, wanajeshi walikuwa wanarudi nyumbani, vitu vya kununua madukani vilikuwa vya mgao, na mpira wa Kombe ulikuwa furaha ya bei nafuu inayopatikana kwa kusimama kwenye foleni. Viwanja vyenyewe havikuwa vimeguswa tangu mwaka 1939. Vingine vilipigwa mabomu, vingine vilichukuliwa na serikali kwa shughuli za vita, na vilabu havikuwa na fedha wala vifaa vya kuvikarabati.

Burnden Park, uwanja wa Bolton Wanderers, ulikuwa mmoja wa viwanja hivyo. Katika robo fainali Bolton walipangwa na Stoke City, na mchezo wa kwanza, uliochezwa Stoke, Bolton waliushinda mabao 2–0, yote yakifungwa na Ray Westwood. Wiki moja baadaye, Jumamosi ya tarehe 9 Machi 1946, timu zilirudiana Bolton. Stoke walikuwa na Stanley Matthews, winga ambaye watu walikuwa tayari kusafiri kutoka mji hadi mji ili wamwone akichukua mpira pembeni, na wenyeji walikuwa na faida ya mabao mawili mkononi. Haikuhitaji utabiri kujua kwamba watu wangekuja wengi. Hesabu rasmi ya walioingia ilikuwa 65,419, lakini walioingia bila kuhesabiwa walikuwa maelfu, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu waliokuwa ndani walifika 85,000. Rekodi ya uwanja huo hadi siku hiyo ilikuwa 69,912, iliyowekwa mwaka 1933.

Hapa ndipo naomba wasomaji wako wapaangalie kwa karibu, kwa sababu mauti ya siku ile hayakuletwa na vurugu wala ulevi. Yaliletwa na mambo madogo ambayo kila moja, likitazamwa peke yake, lingeonekana kero ya kawaida. Upande mmoja wa uwanja, ule wa jukwaa la Burnden, ulikuwa bado mikononi mwa Wizara ya Ugavi, ambayo iliutumia kuhifadhi chakula tangu wakati wa vita, na milango ya kuingilia iliyokuwa upande huo ilifungwa. Nyuma ya goli moja palikuwa na tuta la udongo lililoitwa upande wa reli, kwa kuwa njia ya treni ilipita nyuma yake. Watu walisimama hapo kwenye ngazi za kienyeji zilizochongwa kwenye mteremko, bila viti na bila kuta za kuwagawa. Kwa sababu milango ya upande wa pili ilikuwa imefungwa, wote waliotaka kusimama kwenye tuta hilo waliingilia pembe moja. Wakiingia walijikuta kwenye kona ambayo imeshajaa, na nyuma yao wengine wanaendelea kusukuma, huku sehemu nyingine za tuta hilohilo zikiwa na nafasi ambayo hawakuweza kuifikia.

Saa nane na dakika 40 mchana, dakika 20 kabla ya mchezo kuanza, milango ilifungwa. Nje kulikuwa bado na maelfu. Wengine walirudi nyumbani, lakini wengi walipanda kuta, wakaruka vizuizi vya kuhesabia watu, wakazunguka kwenye njia ya reli na kuvuka uzio. Kisha likatokea jambo ambalo uchunguzi wa serikali ulilieleza kwa kirefu. Baba mmoja aliyekuwa ndani na mwanawe mdogo aliona hali imekuwa mbaya, akataka kumtoa mtoto. Alipofika kwenye mlango mmoja akaukuta umefungwa kwa kufuli, akaifungua kufuli hiyo mwenyewe, akatoka na mwanawe. Watu waliokuwa nje wakauona mlango umefunguka, wakaingia kwa wingi. Ukilitafakari tukio hilo, Ndugu Mhariri, utaona kwamba mzazi yule alifanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye akili angekifanya, na kosa lilikuwa la wale waliopanga uwanja bila njia ya mtu kutoka pasipo wengine kuingia.

Timu zilipoingia uwanjani, umati ule ulisogea mbele kama umati wowote unavyosogea mchezo unapoanza. Kwenye kona ya chini ya tuta watu walikuwa wameshabanwa kiasi kwamba mikono yao haikuweza kuinuka. Vizuizi viwili vya chuma vilivyowekwa kupunguza msukumo vilishindwa, vikaanguka, na waliokuwa mbele yake wakaanguka pamoja navyo. Walioanguka wakakanyagwa na kulaliwa na wale ambao nao hawakuwa na uwezo wa kujizuia. Wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Baadhi ya waliookoka walimwagika hadi kwenye mstari wa uwanja, na watu wa pande nyingine walipoona hivyo walidhani ni umati uliofurika tu, kama ilivyozoeleka kwenye mechi kubwa. Mchezo ulikuwa umechezwa dakika kama 12 hivi mwamuzi George Dutton alipoambiwa na polisi kwamba kuna watu waliokufa, akausimamisha na kuwaondoa wachezaji.

Kilichofuata ndicho ambacho sijawahi kukisoma bila kukiweka kitabu chini kwanza. Maiti zililazwa kando ya uwanja na kufunikwa makoti. Baada ya karibu nusu saa, mwamuzi na wakuu wa polisi waliamua mchezo uendelee, kwa hofu kwamba kuuvunja kungezua taharuki nyingine katika uwanja uliojaa pomoni. Sehemu ya mstari wa pembeni ilikuwa imefunikwa na watu, basi wakamwaga unga wa mbao kuchora mstari mpya, upande mmoja wachezaji na upande wa pili waliokufa. Timu zikacheza kipindi cha kwanza hadi mwisho, zikabadilishana pande za uwanja bila mapumziko, zikamaliza 0–0. Bolton wakafuzu nusu fainali. Matthews alieleza baadaye jinsi alivyochukizwa na kuendelea kwa mchezo ule. Katika kikosi cha Bolton alikuwamo kijana wa miaka 20, Nat Lofthouse, ambaye baadaye aliichezea England na kuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika historia ya klabu yake. Yeye naye aliibeba kumbukumbu ya siku ile maisha yake yote. Maelfu ya watazamaji walitoka uwanjani bila kujua kwamba karibu nao watu 33 wamekufa na mamia wamejeruhiwa.

Siwalaumu kwa wepesi waliofanya uamuzi ule. Ni rahisi kwangu, nikiwa nimekaa barazani zaidi ya miaka 70 baadaye, kusema mchezo ungevunjwa. Waliokuwa pale walikuwa na umati wa watu 85,000, milango michache, na majeruhi waliohitaji barabara iwe wazi. Lakini naona ni haki kuuliza jambo jingine: ilikuwaje uwanja ukafika hapo, ilhali klabu ileile ilikuwa na sababu zaidi ya klabu yoyote Uingereza kujua hatari ya umati usiohesabiwa?

Maana Bolton Wanderers ndio waliocheza fainali ya kwanza kabisa ya Wembley, tarehe 28 Aprili 1923, dhidi ya West Ham United. Siku ile tiketi hazikuuzwa mapema kwa watu wengi. Mtu alifika mlangoni, akalipa, akaingia. Hesabu rasmi ilikuwa 126,047, lakini walioingia inasemekana walikaribia mara mbili ya idadi hiyo au kuizidi. Watu walijaa hadi katikati ya uwanja, mchezo ukachelewa dakika 45, na askari George Scorey akiwa juu ya farasi wake Billie akawa anawasogeza polepole hadi mistari ikaonekana. David Jack alifunga bao la kwanza katika dakika ya pili, huku watu wakiwa wamesimama hadi kwenye wavu, na Bolton wakashinda 2–0. Fainali hiyo inasimuliwa hadi leo kama hadithi tamu ya farasi mweupe. Mimi naiona kuwa ni maafa yaliyopita karibu na kuondoka. Wenye Wembley waliliona hilo pia, kwa kuwa tangu fainali ya 1924 hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila tiketi aliyoinunua kabla, na fainali ya 1946 yenye watu zaidi ya 98,000 ilipita salama kwa sababu hiyo. Viwanja vya mikoani, ambako raundi zote za awali zilichezwa, viliachwa na utaratibu uleule wa kulipa mlangoni.

Msimu uliendelea, na jinsi ulivyoendelea ndiko kunakonifanya niandike barua hii. Tarehe 23 Machi, wiki mbili baada ya maafa, Bolton walicheza nusu fainali Villa Park wakafungwa 2–0 na Charlton. Siku hiyohiyo Derby na Birmingham City walitoka sare 1–1 huko Sheffield, kwenye uwanja wa Hillsborough. Mchezo wa kuamua ulipangwa Maine Road, Manchester, mwendo mfupi tu kutoka Bolton, siku ya Jumatano tarehe 27 Machi. Zilikuwa zimepita siku 18 tangu watu 33 wafe. Waliingia watu 80,407, katikati ya wiki, mchana, kwenye saa za kazi. Derby walishinda mabao 4–0 baada ya muda wa nyongeza, na idadi ile ya watazamaji ikaingia kwenye vitabu kama rekodi ya kujivunia. Nimejaribu kuwaza kama kuna aliyekaa ofisini kati ya tarehe 9 na tarehe 27 akauliza ni watu wangapi wanaoweza kusimama Maine Road bila kuumizana, na nani atakayewahesabu. Ushahidi wa idadi yenyewe unanifanya niamini kwamba hata kama swali hilo liliulizwa, halikumzuia mtu yeyote kuingia.

Fainali ya tarehe 27 Aprili nayo ilikuwa nzuri, sikatai. Turner alijifunga katika dakika ya 85, akasawazisha katika dakika ya 86 kwa mpira wa adhabu, akawa mchezaji wa kwanza kufunga magoli ya pande zote mbili katika fainali ya kombe hilo. Jack Stamps wa Derby alipiga shuti ambalo lingeweza kumaliza mchezo, mpira ukapasuka njiani. Katika muda wa nyongeza Doherty alifunga bao moja na Stamps mawili, Derby wakashinda 4–1, na hilo ndilo Kombe la FA pekee walilonalo hadi leo. Carter, aliyelibeba kombe hilohilo akiwa na Sunderland mwaka 1937, akawa mchezaji pekee mwenye medali ya ushindi ya kabla ya vita na ya baada ya vita. Hata Charlton walipata faraja yao mwaka uliofuata walipoifunga Burnley 1–0. Ni habari za kusisimua, na mwandishi wako alizieleza kwa ufundi. Hoja yangu ni kwamba msimu unaotukuzwa kwa viwanja kufurika hauwezi kuwa na fainali kama kiini chake na Burnden kama tanbihi, kwa sababu kufurika kulekule ndiko kulikoua.

Serikali ya Uingereza ilimteua mwanasheria Moelwyn Hughes kufanya uchunguzi, na taarifa yake ilitoka mwaka huohuo wa 1946. Alieleza jambo ambalo lilikuwa jipya wakati ule. Katika maafa ya Ibrox, Glasgow, mwaka 1902, jukwaa la mbao lilivunjika na watu wakaanguka. Burnden hakukuwa na jengo lililoporomoka, umati wenyewe ndio ulioumizana kwa uzito wake. Alipendekeza kila uwanja ukaguliwe na kupewa leseni, kila sehemu ya kusimama iwekewe idadi yake ya juu kwa vipimo vya kitaalamu, na vizuizi vya mlangoni vihesabu watu kwa mashine ili mtu mmoja akikaa sehemu moja aweze kujua, dakika yoyote, ni wangapi wameshaingia na wapi. Ukisoma mapendekezo hayo leo utadhani yameandikwa jana.

Hayakufanywa sheria. Suala liliachwa kwa hiari ya vilabu na vyama vya mpira, na vilabu vilikuwa vinapata mapato makubwa kuliko wakati wowote katika historia yao. Tarehe 2 Januari 1971 watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea za Ibrox mwishoni mwa mchezo wa Rangers na Celtic, na hapo ndipo ulipoanza mwendo uliozaa sheria ya usalama wa viwanja vya michezo ya mwaka 1975, miaka 29 baada ya Burnden. Hata sheria hiyo haikutosha. Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, umati ulikwama nje ya milango michache upande mmoja wa uwanja, mlango mkubwa ukafunguliwa ili kupunguza msongamano wa nje, na walioingia wakaelekea moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati ambavyo vilikuwa vimeshajaa, wakati vya pembeni vilikuwa na nafasi. Walikufa watu 97. Uwanja ulikuwa Hillsborough, uleule uliopokea nusu fainali wiki mbili baada ya Burnden. Milango iliyokuwa michache upande mmoja, sehemu moja kujaa na jirani yake kuwa wazi, mlango uliofunguliwa kwa nia njema, na kutokuwapo kwa mtu anayejua hesabu ya waliomo: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo halikuwa limeshaandikwa na Moelwyn Hughes.

Mtu anaweza kuniuliza haya yanatuhusu nini sisi huku. Yanatuhusu sana, kwa sababu nasi tuna mashindano ya mtoano ya taifa, Kombe la Shirikisho, ambalo mashabiki wengi huliita Kombe la FA vilevile, na uzuri wake mkubwa ni kwamba limetolewa Dar es Salaam na kupelekwa mikoani. Mwaka 2021 Simba na Yanga walicheza fainali Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwaka 2022 Yanga na Coastal Union walikwenda Arusha, Sheikh Amri Abeid, wakatoka 3–3 na kuamuliwa kwa penalti. Mwaka 2023 fainali ilikuja kwetu Tanga, Mkwakwani, Yanga na Azam, na mwaka 2024 ikavuka kwenda Zanzibar, kwenye Uwanja wa Amaan uliofanyiwa ukarabati. Nauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Mtu wa Kigoma ana haki ya kuiona fainali kwa macho yake bila kulala siku nzima kwenye basi. Lakini timu hizi mbili kubwa zinapokwenda uwanja wa mkoa, huenda na umati ambao uwanja huo haukujengwa kuupokea, jinsi ambavyo Matthews alikwenda Burnden na umati wake.

Nimesimama kwenye foleni za viwanja vya namna hiyo. Katika uwanja mmoja wa mkoani, ambao siutaji kwa kuwa mambo haya yanaweza kutokea popote, mageti yalikuwa kadhaa lakini siku hiyo lililofanya kazi upande wetu lilikuwa moja, la bati, na lilifunguliwa kwa upana wa mtu mmoja. Waliokuwa na tiketi na wasiokuwa nazo tulikuwa kundi moja. Kila askari alipopita kutupanga, mstari ulinyooka kwa dakika chache, kisha mtu akapiga kelele kwamba timu zimeshaingia kupasha misuli, na wote tukasogea mbele kwa pamoja. Mwanamke mmoja alimpitisha mtoto wake juu ya vichwa vya watu hadi kwa askari aliyesimama kwenye gogo. Mtoto alipokelewa, mama akaingia baadaye, na siku ile hakuna aliyeumia. Magazeti ya kesho yake yalisifu mwitikio wa mashabiki, na nadhani hakuna aliyepita pale getini kuuliza.

Maafa ya viwanjani hayako mbali nasi. Nairobi, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la Uwanja wa Nyayo walipokwenda kutazama Gor Mahia na AFC Leopards. Hapa kwetu, tarehe 28 Mei 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine 30 walijeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Huo ni uwanja wa kisasa, wenye viti, wenye mageti ya kielektroniki. Ikiwa lililotokea Bolton liliweza kutokea hapo kwa kiasi chake, basi uwanja wa mkoani wenye geti la bati unastahili maswali zaidi, na yaulizwe kabla ya siku ya mchezo.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni mahususi, na naamini liko ndani ya uwezo wa dawati lako la michezo. Kila inapokaribia robo fainali, nusu fainali na fainali ya Kombe la Shirikisho, gazeti lako huchapisha ukurasa mzima wa vikosi vinavyotarajiwa, takwimu za washambuliaji na kauli za makocha. Nakuomba kwenye ukurasa huo muweke pia safu ndogo ya uwanja: idadi ya watazamaji ambayo mamlaka imeiruhusu siku hiyo, idadi ya tiketi zilizochapishwa kwa kila jukwaa, mageti yatakayofunguliwa na saa ya kufunguliwa kwake, na kama tiketi zitauzwa getini au zitakuwa zimeshafungwa siku ya kabla. Wahusika wakikataa kutoa takwimu hizo, andikeni kwamba wamekataa. Na siku ya mchezo, mwandishi mmoja abaki nje ya geti hadi dakika ya 20 ya kipindi cha kwanza, aripoti alichokiona huko kama mwenzake anavyoripoti mabao.

Na mwandishi wa makala ile, ambaye kalamu yake naiheshimu, namwomba aurudie msimu wa 1945–46 siku nyingine. Bao la Turner na mpira wa Stamps vibaki humo, na Bradford wapewe nafasi kwa mabao yao manane ya Maine Road, lakini tarehe 9 Machi iwekwe mahali pake, kati ya robo fainali na nusu fainali, na aeleze lile tuta la upande wa reli, milango iliyofungwa kwa ajili ya ghala la chakula, na siku 18 zilizotosha kwa watu 80,407 kuruhusiwa kuingia Maine Road.

Wako katika mpira,
Msomaji wenu wa Tanga